Wangu wa Makeri, chifu wa Weithaga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yafuatayo huulizwa na wanafunzi, walimu wa historia na wasomaji waliokua wakilisikia jina la Wangu wa Makeri kama hadithi ya jioni, na sasa wangependa kujua hadithi hiyo inaishia wapi na historia inaanzia wapi. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Wangu wa Makeri alikuwa nani?

Alikuwa mkuu wa eneo la Weithaga, katika wilaya iliyoitwa Fort Hall wakati wa ukoloni na ambayo leo ni Kaunti ya Murang'a nchini Kenya. Alishika cheo hicho kuanzia mwaka 1902 hadi 1909. Alizaliwa karibu mwaka 1856, akaolewa na Makeri wa Mbogo na kuzaa naye watoto sita. Hakusoma shule, kwa kuwa hakukuwa na shule huko alipokuwa mtoto. Alilelewa katika kazi za shamba na za nyumbani kama wasichana wenzake wote. Katika nchi ya Wakikuyu ya miaka ile ya mwanzo wa utawala wa Waingereza, ndiye mwanamke pekee aliyepewa cheo hicho na serikali.

Umri wake unastahili kuangaliwa. Alipoteuliwa alikuwa amefikia takriban miaka 46. Kwa mila ya Wakikuyu, mwanamke ambaye mtoto wake ameshapita jandoni au unyagoni alipanda daraja, akahesabiwa miongoni mwa wanawake wazima ambao ushauri wao ulisikilizwa. Kwa hiyo wanaomchora Wangu kama msichana mrembo aliyepewa madaraka kwa sababu ya uso wake wanasahau kwamba huyu alikuwa mama wa makamo, mwenye boma lake na heshima yake, kabla serikali haijamjua.

Jina lake hutamkwaje, na je, lina uhusiano na neno la Kiswahili "wangu"?

Halina uhusiano wowote. Katika Kikikuyu jina hilo huandikwa Wangũ, na irabu ya mwisho husikika karibu na "o" kuliko "u" ya Kiswahili. Neno "wa" linalofuata laweza kumaanisha binti wa fulani au mke wa fulani. Hapa linamaanisha mke, kwa sababu Makeri alikuwa mumewe. Babake aliitwa Gatuika.

Je, alikuwa malkia?

Hapana. Wakikuyu hawakuwa na mfalme wala malkia, na Wangu hakutawala Wakikuyu wote wala Murang'a yote. Alisimamia eneo moja la vijijini, chini ya Karuri wa Gakure aliyekuwa chifu mkuu, ambaye naye alikuwa chini ya maafisa wa Kiingereza waliokaa Fort Hall. Kumwita malkia kunaonekana kama kumtukuza, lakini kwa maoni yetu kunampunguzia sifa yake halisi, kwa maana malkia hurithi, ilhali Wangu alipewa kazi ngumu ya utawala wa mashinani na akaifanya kwa miaka saba.

Wakikuyu walitawaliwaje kabla ya machifu?

Swali hili ndilo ufunguo wa mengine yote, kwa hiyo tulijibu bila haraka.

Nchi ya Wakikuyu ni ya migongo ya vilima inayotenganishwa na mito inayoteremka kutoka milima ya Nyandarua, kama vile Mathioya na Maragua. Kila mgongo ulikuwa na koo zake, na watu wa ukoo mmoja mdogo, ulioitwa mbari, waliishi na kulima katika ardhi yao iliyoitwa githaka. Mambo ya pamoja yaliamuliwa na baraza la wazee lililoitwa kiama. Mwanamume aliingia katika baraza hilo kwa hatua, akilipa mbuzi wa ada, kadiri watoto wake walivyokua na kutahiriwa. Miongoni mwa wazee hao angeweza kutokea mmoja mwenye hekima na ulimi, akawa msemaji wa wenzake na kuitwa muthamaki, lakini huyo hakuwa na askari, hakutoza kodi, na maneno yake yalikuwa na nguvu kwa muda ule tu ambao watu waliendelea kumsadiki.

Wanawake hawakuingia katika kiama. Walikuwa na mabaraza yao wenyewe, yaliyosimamia mambo ya uzazi, unyago, kazi za shamba na nidhamu ya wanawake wenzao, na mabaraza hayo hayakuwa ya mchezo. Hata hivyo, kesi za ardhi, za mifugo na za damu ziliamuliwa na wazee wa kiume.

Chifu wa kuteuliwa, mwenye mipaka ya eneo na nguvu ya kumfunga mtu, alikuja na Waingereza. Mwaka 1902 serikali ilitunga sheria ya wakuu wa vijiji, ambayo iliipa uwezo wa kumteua mtu kuwa mkuu wa eneo na kumbebesha jukumu la usalama na la kutengeneza barabara. Jambo hili husahauliwa na wale wanaosema kwamba Wangu alinyakua kiti cha wanaume. Kiti chenyewe kilikuwa kipya. Hakuna babu yeyote wa Weithaga aliyekuwa amekikalia kabla yake ili mwanamke aje kumrithi isivyostahili.

Ilikuwaje mwanamke akateuliwa?

Kwanza itazamwe hali ya nchi. Kati ya mwaka 1897 na 1900 eneo hili lilipigwa na njaa kubwa ambayo Wakikuyu waliiita Ng'aragu ya Ruraya, yaani njaa ya Ulaya, kwa kuwa ilifuatana na ujio wa Wazungu. Ukame, nzige, ugonjwa wa ng'ombe na ndui vilikuja kwa pamoja, watu wengi wakafa na wengine wakahama. Waingereza walipojenga ngome yao mahali palipoitwa Mbiri mwaka 1900, na baadaye kuiita Fort Hall kwa jina la afisa Francis Hall, walikuta jamii iliyochoka na yenye mapengo.

Wakati huohuo alikuwepo Karuri wa Gakure wa Tuthu, kule juu karibu na msitu. Karuri alikuwa mfanyabiashara hodari aliyejitajirisha kwa biashara na wageni, akiwemo Mwingereza John Boyes aliyefika huko mwaka 1898. Waingereza walimtambua Karuri kuwa chifu mkuu, na ni yeye aliyependekeza wakuu wa maeneo madogo. Katika safari zake kati ya Tuthu na ngome ya Fort Hall alikuwa akipumzika nyumbani kwa Makeri, na hapo ndipo uhusiano wake na Wangu ulipoanza.

Simulizi za Murang'a husema kwamba Karuri alimpa Makeri cheo hicho kwanza na Makeri akakikataa, ndipo kikaenda kwa mkewe. Simulizi hizohizo hazifichi kwamba Karuri na Wangu walikuwa wapenzi. Hatuoni sababu ya kulificha jambo hilo, wala hatuoni sababu ya kulifanya kuwa jibu lote. Wakuu wengi wa maeneo wa miaka ile waliteuliwa kwa sababu ya kujuana: huyu alikuwa mkalimani, yule aliwahi kuwabebea Wazungu mizigo, mwingine alikuwa shemeji wa chifu mkuu. Mlango ambao Wangu aliupitia ulikuwa mlango wa kujuana, sawa na ule walioupitia wanaume wengi, ila kwa upande wake tu ndipo watu hukumbuka mlango na kusahau kazi iliyofanywa ndani ya nyumba.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa nini hasa?

Kazi ya kwanza ilikuwa kodi. Kanuni za mwaka 1901 ziliweka kodi ya nyumba, na kiwango chake kikaja kufika rupia 3 kwa kila nyumba kwa mwaka. Wakati ule rupia 15 zilikuwa sawa na pauni 1 ya Uingereza. Fedha taslimu zilikuwa adimu vijijini, kwa hiyo katika miaka ya mwanzo kodi ililipwa pia kwa mbuzi au kwa kufanya kazi, na kadiri miaka ilivyosonga vijana walilazimika kwenda kufanya kibarua mbali na kwao ili wapate rupia.

Tukumbuke nyumba iliyotozwa ilikuwa ipi. Katika boma la Kikikuyu mwanamume alikuwa na kibanda chake kilichoitwa thingira, na kila mke alikuwa na nyumba yake mwenyewe, ambamo alipika, alilala na watoto na kuhifadhi chakula. Kodi ya nyumba, kwa hiyo, ilikuwa kwa kweli hesabu ya wake: mzee mwenye wake watatu alidaiwa kuliko kijana mwenye mke mmoja. Mtu aliyetumwa kuhesabu nyumba hizo huko Weithaga alikuwa mwanamke ambaye naye aliishi katika nyumba ya namna hiyo, aliyejua ni moshi wa nani unaofuka asubuhi na ni mjane gani anaishi kwa shemeji yake. Ukichukulia kwamba mbinu ya kawaida ya kukwepa kodi ilikuwa kuficha nyumba au kuwabananisha wake wawili katika nyumba moja, unaelewa kwa nini mtozaji wa aina hii aliwatia hofu wazee.

Kazi ya pili ilikuwa barabara na wapagazi. Sheria ya 1902 ilimwajibisha mkuu wa eneo kuhakikisha njia zinafyekwa na kupitika, na katika nchi ya migongo na mito hilo lilimaanisha kukata kingo za milima na kurudishia madaraja ya miti kila mvua ya masika ilipoyachukua. Watu walitolewa kufanya kazi hiyo kwa amri. Safari za maafisa nazo zilihitaji watu wa kubeba mahema na chakula, na aliyeulizwa watu hao wako wapi alikuwa mkuu wa eneo.

Kazi ya tatu ilikuwa kusikiliza kesi ndogondogo na kuwapeleka wakosaji wakubwa Fort Hall. Katika kazi hii ndipo Wangu alipovuka mpaka wa wazi kabisa wa mila, kwa kuwa alikaa mbele ya wanaume na kuamua magomvi yao, jambo ambalo mabaraza ya wanawake hayakuwahi kulifanya.

Katika miaka yake pia, mwaka 1903, wamisionari wa Kianglikana walifungua kituo chao Weithaga, na mwaka mmoja kabla ya hapo Wakatoliki wa Consolata walikuwa wamefika Tuthu kwa Karuri. Mkuu wa eneo alijikuta katikati ya ngome, kanisa, na watu wake mwenyewe, na kila upande ulimtaka aunge mkono jambo lake.

Je, ni kweli kwamba alikalia migongo ya wanaume kama viti?

Hii ndiyo picha inayojulikana kuliko zote: Wangu anafika barazani, mwanamume anaamriwa apige magoti na mikono chini, naye anamkalia mgongoni hadi shauri liishe. Imesimuliwa na kurudiwa kiasi kwamba kwa watu wengi ndiyo habari yote ya Wangu.

Ni simulizi ya mdomo, na inafaa kusomwa kama simulizi. Simulizi kama hii hubeba ukweli wa namna yake hata pale ambapo si taarifa ya tukio. Inatueleza jinsi wanaume waliopewa amri na mwanamke walivyoyahisi mambo: kwamba wamekaliwa. Chifu wa kiume aliyewachapa watu viboko au kuwakamatia mbuzi wao hakuachiwa simulizi ya kukalia watu, ingawa uzito wake mgongoni mwao haukuwa mdogo. Mwalimu anayelifundisha jambo hili darasani anaweza kuwaeleza wanafunzi kwamba hivi ndivyo wazee walivyosimulia, kisha akawauliza ni nani alisimulia, na kwa nini picha iliyochaguliwa ni hiyo.

Je, alikuwa mkatili?

Alikuwa mkali, na simulizi za pande zote zinakubaliana juu ya hilo. Aliwafunga walioshindwa kulipa kodi na hakuwavumilia wazembe. Hatutaki kuufuta ukali huo ili tupate shujaa msafi. Mjane aliyechukuliwa mbuzi wake wa mwisho hakupata nafuu kwa sababu aliyemtuma askari alikuwa mwanamke mwenzake.

Lakini ukali huo ulikuwa ndani ya cheo chenyewe. Mkuu wa eneo ambaye kodi yake haikutimia aliondolewa, na aliyetaka kubaki alibana. Waliomtangulia kuteuliwa na waliomfuata, katika migongo yote ya Murang'a, waliacha malalamiko ya aina hiyohiyo. Anayemhukumu Wangu kwa ukatili na awahukumu wote kwa mizani moja. Ndilo jambo pekee tunaloomba.

Je, yeye ndiye aliyeangushwa na wanaume waliopanga kuwapa mimba wanawake wote kwa wakati mmoja?

Hapana, na kosa hili ni la kawaida sana, hata miongoni mwa watu waliosoma.

Ipo hekaya ya kale ya Wakikuyu inayosema kwamba hapo zamani wanawake ndio waliotawala, wakaolewa na waume zaidi ya mmoja na kuwa wakali kwao, hadi wanaume wakala njama ya kuwapa mimba viongozi na wafuasi wao kwa kipindi kimoja, na walipokuwa wazito wasioweza kupigana, wakawapindua. Jomo Kenyatta aliiandika hekaya hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu maisha ya Wakikuyu. Hekaya hiyo inaeleza asili ya mambo: kwa nini koo za Wakikuyu zina majina ya kike, ya mabinti wa Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kwanza wa Wakikuyu katika hekaya, ilhali wanaotawala ni wanaume. Inazungumzia wakati usio na tarehe.

Wangu wa Makeri ana tarehe. Aliishi wakati reli ya kwenda Kisumu imeshajengwa, akatumikia serikali yenye faili na risiti. Alipoondoka madarakani alikuwa amefikia takriban miaka 53, na hekaya ya mimba haiwezi kumhusu. Kilichotokea ni kwamba watu walikuwa na hadithi ya zamani kuhusu wanawake wakali waliopinduliwa, kisha akatokea mwanamke halisi mwenye madaraka, na hadithi ikamvaa. Hata leo, nchini Kenya, mwanamke anayesemekana kumtawala mumewe hupewa jina la Wangu wa Makeri kwa kejeli. Madhara yake ni kwamba mtu halisi ametoweka chini ya hekaya, na vijana wengi hushangaa wakiambiwa kwamba aliwahi kuwepo.

Aliondokaje madarakani?

Aliacha cheo mwaka 1909, kufuatia kisa cha ngoma iliyoitwa kibata. Kibata ilikuwa ngoma ya wanaume mashujaa. Mwanamke aliweza kuitazama, si kuingia uwanjani. Wangu aliingia akacheza, na inasimuliwa kwamba alicheza pamoja na Karuri. Katika kucheza huko, kwa mujibu wa simulizi, vazi lake lilimvuka, akaonekana uchi mbele ya umati. Aibu ikawa kubwa mno, akajiuzulu.

Tunaona hapa makosa mawili yaliyounganishwa na wasimulizi kana kwamba ni moja. La kwanza ni kuvunja mwiko wa ngoma, na mtu aliyeishi ndani ya mila ile angeliona kuwa zito. La pili ni vazi kuanguka, ambalo ni ajali ya mwili. Kwa miaka saba aliamua kesi za wanaume, akawatoza kodi na kuwatuma barabarani, na yote hayo hayakumwondoa. Katika kumbukumbu ya watu, kilichomwondoa madarakani ni nguo.

Miaka 13 baadaye, tarehe 16 Machi 1922, mwanamke mwingine mwenye asili ya Weithaga alisimama mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi ambako Harry Thuku, mwanasiasa aliyepinga sera za wakoloni, alikuwa amefungwa. Jina lake Muthoni Nyanjiru. Wanaume walipoanza kusitasita na kutaka kuondoka, Muthoni aliinua nguo yake hadi mabegani na kuwaambia wachukue nguo yake, wampe suruali zao. Kwa Wakikuyu, mwanamke mzima kumvulia nguo mwanamume kwa makusudi ni laana nzito, iitwayo guturama. Umati ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi, na kwa hesabu ya serikali watu 21 waliuawa, Muthoni akiwa miongoni mwao. Wanawake wawili wa asili moja, na nguo moja katika visa vyote viwili: yule aliyeivua mwenyewe dhidi ya serikali huimbwa kuwa shujaa, na yule ambaye ilimvuka akiwa mtumishi wa serikali huchekwa. Mwandishi wa majibu haya hajaacha kulifikiria jambo hilo tangu alipoziweka habari hizo mbili pamoja.

Je, hakuwa kibaraka wa wakoloni tu?

Alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na kodi aliyoikusanya ilisaidia kuimarisha utawala ambao ulikuja kuwanyang'anya Wakikuyu wengi ardhi yao. Hilo ni kweli, na anayeandika kuhusu Wangu bila kulitaja anapotosha. Hata hivyo, neno kibaraka huzima maswali mapema mno. Wakuu wa maeneo walitumiwa na Waingereza, nao pia waliwatumia Waingereza kulinda koo zao, kutafuta mali na kusuluhisha ugomvi wa zamani. Inawezekana kabisa kumtambua mtu kuwa wa kwanza katika jambo bila kulibariki jambo lenyewe.

Ilichukua muda gani kabla ya wanawake wengine kuingia katika utawala wa vijijini?

Muda mrefu. Alipoondoka Wangu, uchifu wa Murang'a ulirudi mikononi mwa wanaume, na wanawake wa wilaya hiyo walipaza sauti kutoka nje ya ofisi. Mwaka 1947 na 1948 waligoma kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kwa kazi ya lazima, wakaandamana hadi Fort Hall, na baadhi yao wakafungwa. Waliokuwa wakiwaamuru kuchimba ni machifu, na kwa hiyo ule ulikuwa pia ugomvi kuhusu nani ana haki ya kuagiza kazi ya mwanamke.

Baada ya uhuru njia ya kwanza iliyofunguka ilikuwa ya miji: Grace Onyango akawa meya wa Kisumu mwaka 1965, wa kwanza mwanamke nchini. Vijijini mambo yalikwenda polepole zaidi. Mabadiliko makubwa yalikuja na Katiba ya mwaka 2010, inayotaka jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe wa bunge la kaunti, na upungufu ukitokea ujazwe kwa viti maalum. Mwaka 2017 Kenya ilipata magavana wanawake wa kwanza: Anne Waiguru wa Kirinyaga, Charity Ngilu wa Kitui na Joyce Laboso wa Bomet. Mwaka 2022 idadi ya magavana wanawake ikafika saba.

Je, mwanamke anaweza kuwa chifu leo, na anapatikanaje?

Ndiyo, na wako wengi. Chifu wa leo nchini Kenya ni mtumishi wa umma katika serikali ya kitaifa, juu ya naibu wa chifu na chini ya kamishna msaidizi wa kaunti. Nafasi hutangazwa, waombaji huhojiwa, na kigezo cha jinsia hakimzuii mwanamke. Hachaguliwi kwa kura; kura ni za mwakilishi wa wadi. Kukusanya kodi si kazi yake tena.

Weithaga iko wapi, na kuna kumbukumbu yoyote ya Wangu huko?

Weithaga iko katika Kaunti ya Murang'a, magharibi mwa mji wa Murang'a ambao ndio Fort Hall ya zamani. Katika eneo bunge la Kiharu kuna wadi iitwayo Wangu, sambamba na wadi za Mbiri, Mugoiri, Gaturi, Murarandia na Township. Kila baada ya miaka mitano, kwa hiyo, jina Wangu huandikwa katika karatasi za kura.

Ningependa kukusanya simulizi za wazee kuhusu Wangu. Nianzeje?

Anza na wanawake wazee, kwa sababu simulizi nyingi zilizoandikwa hadi sasa zilitoka vinywani mwa wanaume. Usimuulize mzee moja kwa moja kama Wangu alikalia watu, kwa maana atakurudishia picha uliyomletea. Muulize kodi ilitozwaje katika boma la babu yake, nani alikwenda kuhesabu nyumba, barabara ya kwanza ilipita kwenye mgongo upi, na nyanya yake alisema nini kuhusu siku ya kibata. Andika jina la mbari ya msimulizi, kwa kuwa ukoo uliogombana na wa Makeri hautasimulia kama ukoo uliooana nao. Andika pia msimulizi alilisikia jambo hilo kutoka kwa nani na akiwa na umri gani. Kama anazungumza Kikikuyu, rekodi kwa Kikikuyu kwanza na utafsiri baadaye, ili maneno kama muthamaki, kiama na kibata yabaki na uzito wake. Ukimaliza, mrudie umsomee ulichokiandika, naye akirekebisha, hifadhi maandishi yote mawili.